Baba wa Stambuli Amekufa Mara Tatu

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mfumo mpya umemeza mafaili yote. Miaka kumi na moja ya kazi yangu ya afisa utumishi — makabati manne, majalada ya rangi kwa kila idara, niliyoyapanga mwenyewe — imeingia kwenye laptopu ya Judith kwa siku tatu. Judith katumwa na ofisi ya kanda, Nairobi. Bado kijana, mwepesi wa kazi, hana makuu. Anakunywa chai ya tangawizi ya hapa kiwandani na kuisifia. Nilikuwa nimeanza kumzoea.

Leo saa nane mchana kaniita mezani kwake. "Deo, hebu niambie. Mtu anaweza fiwa na baba mara ngapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanigeuzia skrini. Stambuli, wa mashine ya kusaga pilipili manga. Likizo ya msiba 2018 — baba mzazi. 2021 — baba mzazi. 2023 — baba mzazi. Halafu orodha ya bima ya afya, mwaka huu: baba mzazi, Salum, miaka 71, mkulima wa Mlali. Mwezi wa pili katibiwa macho!

Nikasema nitafuatilia. Nifuatilie nini? Sahihi za kuidhinisha ni zangu, zote tatu.

Jumanne, 6 Mei

Si Stambuli peke yake. Mfumo umewatoa watu kumi na wanne ambao baba zao wamekufa zaidi ya mara moja. Wote wa milimani na chini ya milima. Nairobi wanasema ni udanganyifu, na wenye kampuni kule Uholanzi wameshapelekewa nakala. Wanataka waanze na mmoja, mwenye misiba mingi, wengine wajifunze kwake. Adhabu ni kufukuzwa.

Niuandike ukweli hapa, maana sina pengine pa kuuandika. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Mwaka 2016, Abdulmajid wa kupakia alikuja kuomba ruhusa. Kafiwa na mjomba. Nikafungua kanuni: mume au mke, mtoto, mzazi, babu, bibi, ndugu wa kuzaliwa. Mjomba hayumo. Rudi kazini, nikamwambia. Akanitazama kama anayedhani hajasikia vizuri. Akaondoka, akakaa siku sita huko Kinole. Nikamfukuza, na barua niliichapa mwenyewe, nikijiona mtu wa kanuni.

Kwetu Ngara mjomba ni mtu wa kumtembelea sikukuu. Sikujua kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kaka wa mama ndiye anayemwoza, anayempa shamba, anayemsemea. Wala sikuuliza. Wiki mbili kina mama wa kuchambua karafuu hawakunisalimia. Nikipita, maongezi yanakatika. Abdulmajid sikumrudisha. Nasikia yuko Ifakara.

Aliyefuata kuja na msiba wa mjomba alikuwa Furaha, ambaye sasa ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Nikamwambia, andika baba tusisumbuane. Akaandika. Akaja mwingine, naye nikamwambia hivyohivyo. Baada ya mwaka sikuhitaji tena kumwambia mtu, wanaambiana wenyewe.

Nilijiona mjanja. Kanuni imetimia, mtu kazika, kina mama wananisalimia. Mtu wa watu!

Jumatano, 7 Mei

Mke wangu Jesca anasema nimwambie Judith kabla hajaambiwa na mwingine. Rahisi kwake, yeye anafundisha watoto wa darasa la tatu. Anayemshawishi mwenzake kuandika uongo kwenye nyaraka za kampuni — ukurasa uleule wa kanuni, kifungu kinachofuata, adhabu ileile. Na kifungu hicho nilikitafsiri mimi.

Sikusema. Mvua tangu asubuhi, mlima hauonekani.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempa Stambuli barua ya tuhuma. Kaipokea kwa mikono miwili, kama wanavyopokea kila kitu. Kasoma taratibu, midomo ikicheza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilishapanga hadi maneno — kwamba tutazungumza, kwamba nitaona namna. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

"Kikao Jumanne?"

Jumanne, nikasema.

"Haya, kaka."

Akarudi kwenye mashine yake. Miaka tisa hajawahi kuchelewa huyu mtu. Ile mashine ikigoma, fundi wa Dar hupigiwa simu baada ya Stambuli kushindwa, na sikumbuki kama tumempigia mara mbili.

Jioni Furaha kaja ofisini, kafunga mlango. Hakukaa. Wamezungumza wote kumi na wanne wakati wa chakula, anasema. Wamekubaliana. Jina langu halitatajwa. Kisha akafungua mlango na kwenda zake, hata hakungoja niseme ahsante. Na kweli nilitaka kusema ahsante! Nimeona aibu nikiwa peke yangu.

Ijumaa, 9 Mei

Judith alitaka kumwona huyo baba kwa macho yake. Gari la kampuni likaenda Mlali kumchukua. Kaja Mzee Salum, kanzu safi, bakora, ana haraka ya kuwahi msikitini. Nikampa shikamoo. Judith naye akamwamkia, akaitikiwa vizuri.

"Nimeambiwa mnataka kuniona kama niko hai," Mzee akasema.

"Mzee, kulingana na hizi karatasi, umekufa mara tatu," Judith akamwambia.

"Mimi hapana. Wamekufa shemeji zangu. Kaka zake mke wangu, mmoja baada ya mwingine."

"Na hukukasirika kijana wako kukuandika wewe?"

Mzee akafikiri. Alikuwa anatafuta namna ya kumweleza mgeni. "Nimekasirika kidogo," akasema. "Mtu hapendi kuandikwa marehemu. Lakini wale watoto ni wa lukolo la mama yao. Ukoo wangu mimi mwingine. Nimewazaa, nimewalea, sawa. Alipoposwa binti yangu Maimuna, waliokwenda kuposa walikwenda kwa mjomba wake. Mimi nilikula pilau." Akacheka mwenyewe. "Sasa kwenu hapa, fomu inauliza nini? Kama inauliza nani amemzaa, kakosea. Kama inauliza amefiwa na nani, hakukosea sana."

Akaongeza kwamba shemeji amebaki mmoja, Abdulswamad, naye hali si nzuri, figo. Akiondoka, Stambuli ndiye atakayekalia nafasi yake. Ndiye atakayekuwa mtu mkubwa wa ukoo, wajukuu wote watamwangalia yeye.

Nilidhani Judith atafurahi, kapata ushahidi wake. Alimsindikiza Mzee hadi kwenye gari, akarudi kitini kwake.

"Kwetu Machakos hatuna hiyo," akasema. "Lakini ningeelewa. Mtu angeniambia tu, ningeelewa."

Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye busara.

"Na tuliuliza, Deo. Mwaka elfu mbili ishirini na moja, wakati wa kurekebisha kanuni. Tuliandikia kila nchi. Kuna ndugu mwingine ambaye watu wenu humzika na hayuko kwa orodha? Kampala walituletea kurasa mbili. Wewe ulijibu neno moja."

Alikuwa nayo barua pepe, kaifungua. *Hakuna.*

Naikumbuka siku ile. Nilianza kuandika, nikafika kwenye "mjomba", nikasimama. Wangeuliza takwimu. Misiba mingapi ya wajomba kwa mwaka? Na mimi kwenye makabati yangu sikuwa na mjomba hata mmoja. Wote nilishawageuza baba. Nikafuta.

Kwa hiyo si Abdulmajid tu niliyemkosea. Kanuni yenyewe ingeweza kubadilika miaka minne iliyopita, watu mia mbili wa kiwanda hiki wangezika wajomba zao kwa majina yao. Neno moja!

Jumapili, 11 Mei

Baada ya misa nimeandika barua. Ukurasa mmoja na nusu. Nimesema yote — 2016, Furaha, ile barua pepe. Jesca kaisoma amesimama jikoni. Kanirudishia, kasema nimeandika "ilitokea" mara tano na "nilifanya" mara moja.

Nikakasirika. Nikahesabu. Ni kweli. Nimeiandika upya.

Jumatatu, 12 Mei

Barua iko kwenye begi. Sikuitoa. Judith alikuwa kwenye simu na Uholanzi siku nzima.

Uongo. Alitoka mara mbili kunywa chai, na mara zote mbili nikamwongelesha habari za mvua.

Jumanne, 13 Mei

Kikao. Mwenyekiti Athanas, meneja uzalishaji, ambaye hapendi kikao chochote kinachosimamisha mashine. Judith muulizaji. Furaha upande wa Stambuli. Mimi katibu, kazi yangu kuandika.

Judith hakuwa mkali. Ingekuwa nafuu angekuwa mkali. Alimwonyesha fomu moja moja. Huu ni mwandiko wako? Wangu. Marehemu alikuwa nani? Mjomba Hafidhi. Na huyu? Mjomba mwingine, wa kati. Ulijua kwamba si baba mzazi? Nilijua.

"Nani alikuambia uandike baba?"

Feni inazunguka. Furaha anaangalia dirishani. Athanas anaangalia saa. Mimi nimeinamia karatasi, nasubiri jibu niliandike, kama hakimu vile!

"Hakuna mtu," Stambuli akasema. "Niliandika mwenyewe."

Judith akauliza tena, pole pole. Akamwambia kwamba kama kuna aliyemwelekeza, adhabu inaweza kupungua, pengine onyo tu. Alimfungulia mlango kabisa. Stambuli akarudia jibu lilelile. Na mimi nikaandika: *Mtuhumiwa amekiri kwamba alijaza fomu kwa hiari yake bila kuelekezwa na mtu yeyote.* Nikampa asaini. Akasaini.

Nimejichukia leo. Sijui neno lingine.

Nilimfuata bombani wakati ananawa. Nikamuuliza kwa nini. Alikuwa na vumbi la pilipili kwenye kope, anapepesa.

"Ukiondoka wewe, kaka, watamleta mwingine," akasema. "Huyo atasoma kitabu kama wewe ulivyokisoma kwa Abdulmajid. Mimi ni mmoja."

Nikamwambia si haki. Akasema anajua. Akafunga bomba, akauliza kama siku za likizo alizobakiza atalipwa. Nikamjibu kiofisa, kifungu na namba yake. Ndicho nilichokuwa nacho cha kumpa.

Uamuzi ni Alhamisi. Athanas kanidokeza, watamfukuza. Kasema ni hasara kwa mashine. Barua bado iko kwenye begi, imeanza kupinda pembe.

Jumatano, 14 Mei. Saa mbili na robo asubuhi

Niko stoo ya vifaa vya ofisi. Naandika haraka.

Stambuli kaingia saa mbili kamili. Hakuvaa nguo za kazi. Viatu vina tope la Mlali, macho mekundu. Mjomba Abdulswamad katangulia alfajiri. Wanazika saa saba, na yeye ndiye anayesubiriwa, hakuna kitakachoanza bila yeye. Anaomba fomu. Mtu anayefukuzwa kesho, kaja kuomba ruhusa leo, kwa utaratibu!

Judith alikuwa kwenye kiti cha pembeni ya meza yangu. Akasimama, akampa pole kwa mikono miwili, akamwuliza kama mama yake ana watu wa kukaa naye. Nikatoa fomu. Stambuli akaegemea meza, akaandika jina, idara, tarehe. Akafika kwenye mstari wa uhusiano na marehemu. Akasimama hapo.

Akainua uso. Hakumtazama Judith. Kanitazama mimi.

"Kaka Deo, safari hii niandike nani?"

Sidhani alikusudia. Hajalala, kachanganyikiwa, na kwa miaka yote swali hilo huulizwa hapo, kwenye meza hiyo, naulizwa mimi. Au alikusudia. Sijui. Usoni hamkuwa na kitu, ila uchovu.

Judith akanigeukia taratibu. "Mbona anakuuliza wewe?"

Nikasema fomu hiyo ni ya zamani, ngoja nikachukue mpya. Nimekuja huku. Hakuna fomu mpya, ni zilezile, boksi zima. Nimezishika. Begi lipo mezani, barua imo ndani, nusu mita kutoka mkono wa Judith. Dakika ya saba sasa. Gari la msiba liko getini, halijazimwa, wazee wamo ndani.

Mlango uko wazi kidogo, nawasikia. Judith anamwambia aandike tu ukweli. Stambuli anamjibu kwa adabu kwamba hana shida, anamsubiri Kaka Deo.