Mwasumini wa Dirishani

Jumatano, 1 Januari 1969
Nimeuingiza mwasumini ndani na chungu chake. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Tangu tuhamie hapa mjini Maskati kutoka kijijini Bustan, mbuzi hawaufikii tena. Kule walinilia matawi wakabakisha shina. Sasa umekaa majlisi, kwenye dirisha la jua. Baba Thuwaiba anasema wageni wake watadhani wamekaribishwa shambani. Nimemwambia wageni wakae upande wa pili.

Ndio mti pekee niliotoka nao Unguja. Kijiti nilichokikata mlangoni kwa mama, nikakizungushia kanga iliyoloa. Thuwaiba, mwanangu wa pekee, anaolewa baada ya Idi Kubwa. Nataka kifuani avae kikuba cha asumini ya bibi yake. Sitaki jengine.

Jumanne, 7 Januari
Nimeosha mchele wa mchana, maji yake nimeumwagia mti. Kila siku hivyo hivyo, kama nyumbani. Mama hakuupa kitu chengine na maua yakichumwa kwa sinia. Leo majani mawili matatu yamekauka kingo. Baridi tu hiyo. Nimeuongezea maji ya mchele.

Jumapili, 12 Januari
Majani yanapukutika. Nimefunga dirisha, chungu nimekivika gunia. Wifi yangu Zuwena kazaliwa hapa Maskati, hajui maua ila ya kitambaa. Kanicheka. "Wallahi wifi, hata mtoto mchanga hapati haya." Nimecheka na mimi, lakini roho mkononi.

Alhamisi, 16 Januari
Nimejua. Udongo umefanya utando mweupe, nikadhani ukungu. Nikaugusa kwa kidole, nikaonja. Chumvi.

Mchele tunauosha kwa maji ya kisima cha uani, na kisima hiki ni cha chumvi. Maji matamu huletwa na punda, ya kunywa na kupikia tu. Kisima cha Bustan kilikuwa kitamu, ndiyo maana sikushtuka. Na Unguja nani aliwahi kuyaonja maji ya mchele? Nimekuwa nikiunywesha mti wangu chumvi, tena kwa mapenzi. Nimejikasirikia mpaka kahawa imenishinda.

Nimeumwagia ndoo mbili za maji matamu, yakapita yakatoka chini ya chungu. Zuwena kanuna. Ndiyo maji yetu ya kunywa, simlaumu.

Jumatatu, 3 Februari
Matawi yote makavu isipokuwa moja. Hilo moja limechipua, na nchani lina tumba, ndogo kama punje za mchele. Nimezihesabu, nikazihesabu tena. Harusi itazikuta zinafunguka. Leo nimekula nikashiba.

Jumanne, 4 Februari
Thuwaiba kaniharibia furaha yangu ya jana. Mchumba wake kazi yake iko Kuwait, na wakishaoana ndiko watakakokaa. "Mama, kikuba kitanyauka siku ya pili. Mie nnautaka mti."

Tawi ni moja. Nikiliacha, tunapata maua. Nikilikata vijiti vya kupanda, tumba lazima nizitoe, maana kijiti kinacholea maua hakitii mizizi. Na mti wenyewe ukipoteza tawi la mwisho sioni kama utapona. Nimechambua mchele mpaka umekwisha.

Alhamisi, 6 Februari
Nimekata. Vijiti viwili, chini kidogo ya kifundo, majani ya chini nimeyatoa. Tumba nimezinyofoa moja moja, na kila moja imeniuma. Nimevipanda kwenye makopo ya maziwa, mchanga na samadi kidogo, juu yake nimepindua chupa pana za achari. Makopo yapo jikoni karibu na seredani, yapate joto la mkaa. Vyote viwili ni vya Thuwaiba. Kimoja kikifa njiani, cha pili kipo.

Jumamosi, 1 Machi
Nimekivuta kijiti kwa vidole viwili, taratibu. Kimegoma. Cha pili nacho kimegoma. Vimetia mizizi. Kimoja kina majani mapya mazito, mwenzake mwembamba lakini mzima. Nimemwita Baba Thuwaiba aone. Kayatazama makopo kwa heshima zote, na najua hakuona kitu.

Mti mkubwa umekufa. Nimeung'oa mwenyewe, sikutaka mwengine auguse.

Alhamisi, 6 Machi
Harusi. Kikuba cha majani ya rehani tupu. Rehani kaagiza Zuwena kutoka Bustan, yeye huyo huyo aliyenicheka, tena bila ya kuombwa. Kakifunga kikuba vibaya, nikakifungua nikakifunga upya, akanitolea macho. Mwanangu kanukia udi na rehani. Kapendeza. Asumini niliikumbuka mara moja tu, kisha vigelegele vikaanza nikasahau.

Jumanne, 11 Machi
Wameondoka. Jana jioni nilimpangia Thuwaiba makopo mawili kikapuni, juu nikatandika kanga iliyoloa. Nimemuusia: maji ya chumvi usiyasogeze karibu. Kanibusu mkono, kasema ndio mama. Nimelia mlangoni, kisha nikaenda kuosha vyombo vya wageni. Vilikuwa vingi, nashukuru.

Jumatano, 12 Machi
Nimeingia jikoni kuwasha seredani. Nyuma ya gunia la mkaa lipo kopo moja, na chupa yake ya achari juu.

Sijui alilitoa kikapuni saa ngapi. Kaenda na kile chembamba. Kaniachia chenye majani.

Nimekaa chini kidogo. Kisha nimelipeleka majlisi, kwenye dirisha la jua, na glasi yangu ya maji matamu. Nusu nimekipa kijiti, nusu nimekunywa mimi.