Ua la Bibi Harusi

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Mabango matatu ya harusi leo kwenye kompyuta ya studio. Bwana harusi kushoto, suti, tabasamu la kulazimishwa. Kulia, pahali pa bibi harusi, naweka ua jekundu. Hapa Garissa sura ya mwanamke haitundikwi barabarani. Ua ni lile lile mwaka wa tatu sasa – kwa Ruqiya, kwa Kaaha, kwa yule wa Ijara. Hakuna aliyelalamika. Mimi pia sisikii chochote, nabonyeza tu.

Jumatano, 3 Septemba
Dekow mwenye studio alienda kuswali adhuhuri, akaniachia nijaribu taa mpya. Nikafunga mlango. Nikavaa koti la msumarini, lile wanaume huazima kwa picha za pasipoti. Tai. Kofia ya Dekow, nywele zote ndani. Nikajipiga picha. Moja tu.
Si mwanamume. Si binti wa mzee Dagane pia. Mtu tu, anatazama mbele. Nilingoja aibu, haikuja. Nilimpenda, basi. Faili nikaliita "jaribio la taa".

Alhamisi, 4 Septemba
Stima zimepotea. Joto. Hakuna cha kuandika.

Jumamosi, 6 Septemba
Adeer Mursal, mdogo wa baba, kaja studio na flashi yenye picha ya bwana harusi. Anataka bango la harusi ya wiki ijayo. Bwana harusi Abdinoor, wa Elwak. Bibi harusi Yurub Dagane.
Yurub ni mimi.
Posa niliijua. Mwezi wa sita waliniuliza, nikanyamaza, na kimya cha msichana huhesabiwa ndiyo. Tarehe sikuambiwa. Adeer alidhani mama ameshasema. "Haya adeer, hii yako tengeneza fizuri," akaniambia; kwetu ami na mtoto wa nduguye huitana hivyo hivyo. Dekow akatania kwamba ua langu ni la bure.

Nimemweka Abdinoor kushoto. Ana uso wa mtu mwema, sina neno naye. Nikafungua ua. Nikalifunga. Nikafungua jaribio la taa, nikaliweka kulia. Linakaa sawa kabisa.

Adeer yuko kwenye benchi nyuma yangu, miwani ameacha nyumbani. Naandika haya daftari likiwa magotini. Ameuliza kama liko tayari. Nimenyamaza. Ameuliza tena. Nimenyamaza.
"Basi sawa," adeer kamwambia Dekow aliye kwenye mashine. "Chapa."
Mashine imeanza kuvuta karatasi. Upande wa Abdinoor ndio unaotangulia –