Samaki Aliyetundikwa Mkahawani

Nyumba ya Kiwanjani,
Larkin, Montana.
2 Septemba

Mpendwa Dada Lorna,

Hamjambo huko New Zealand, wewe na wajukuu? Na goti je, limekubali kupanda ngazi? Sisi tu wazima wa mwili. Ngano imeshavunwa, na shemeji yako Verlin bado anakoroma kama trekta. Ila mimi, dada yangu, uso wangu sina pa kuuweka.

Zile picha nilizokutumia za sherehe ya Julai, yule samaki mkubwa wa rangi ya chungwa juu ya gari la kanisa letu, ulisema nina mikono ya dhahabu. Tafadhali zibandue ukutani.

Kitambaa kile hakikuwa changu. Unajua Verlin ndiye mtunzaji wa kiwanja chetu cha ndege. Ofisi ya jimbo inayosimamia viwanja hututumia bure mfuko mpya wa upepo, ule unaotundikwa mlingotini ili rubani ajue upepo unavuma kutoka wapi. Boksi lilifika Verlin akiwa shambani. Nailoni nzuri, dada, imeshonwa mviringo tayari! Nikasema naazima tu, sherehe ikiisha nitafumua. Nikatia macho na mapezi, gari letu likashinda kwa mapambo, mkahawa ukaomba wamtundike, nami kwa kupenda sifa nikanyamaza. Verlin hakujua kuwa boksi limefika.

Daktari Halvorsen ndiye aliyekuwa akituletea kliniki kila Jumanne kwa ndege yake mwenyewe. Mwezi uliopita alishuka, mfuko wa zamani umebaki matambara, hauonyeshi kitu. Akatua upepo ukimsukuma kwa nyuma, ndege ikapitiliza hadi kwenye mabua ikachomeka pua. Alivunjika kifundo cha mkono tu, namshukuru Mungu. Lakini anasema amezeeka, hajui tena kusoma upepo. Tangu hapo hakuna kliniki. Mama yake Verlin na sukari yake inabidi apelekwe kwa gari hadi mjini Billings.

Ofisi ya jimbo ikamtuma mkaguzi wake, Bi. Kessler. Alitembea njia yote ya ndege akiokota mawe, akakagua taa, akaonyesha miti ya kupunguzwa. Mchana tukala mkahawani, Verlin akamvaa mbele ya watu wote.

"Nyie wa jimbo mnalala tu! Mfuko wa upepo tumeungoja mpaka mtu kavunjika!"

Bi. Kessler aliinua macho kwa samaki, akayashusha kwangu. Ee Mungu wangu, nilitamani ardhi inimeze.

"Samahani, Verlin," akasema. "Nitaleta mwingine mwenyewe." Kisha akamalizia pai yake ya cheri.

Mwanamke yule alimeza matusi yaliyonistahili mimi, na hata hanidai kitu. Nilikaa na jambo hilo wiki nzima.

Jana nikapanda kiti pale mkahawani, watu wanakula, nikamshusha samaki.

"We Noreen, unampeleka wapi mshindi wetu?" Verlin akatania.

Nikamjibu, na nikawaambia wote. Hakuna aliyecheka. Verlin aliweka uma chini akatoka nje, na mpaka sasa hajanisemesha.

Nikaenda peke yangu kwa Daktari, samaki mkononi. Nikamwambia hakuzeeka, hakukosea, ni mimi. Alimgeuza samaki, akaingiza mkono wake mzima mdomoni mpaka begani.

"Ungekuja wiki iliyopita, Noreen," akasema. "Ndege nimeiuza Jumamosi."

Leo nimefumua macho na mapezi. Verlin ameutundika mfuko. Unaonyesha upepo vizuri sana, dada. Kesho ni Jumanne.

Msalimie mwanao Grady na mkewe, wabusu wajukuu kwa niaba yangu. Mungu awalinde, nami aniwie radhi.

Mdogo wako anayekupenda kwa haya usoni,
Noreen