Msiba wa Uongo Nyumbani kwa Mzee Kazadi

Jumamosi, Lizaboni

Na wala hakuna aliyewaita akina mama wale.

Leo tulirekodi msiba wa steringi, mhusika mkuu wa filamu yetu, nyumbani kwa Mzee Kazadi, prodyuza wetu aliyetoka Kongo peke yake. Turubai, viti vya kukodi, jeneza tupu. Ghafla akina mama wa mtaani wakaingia na unga, kuni na vilio. Walidhani amekufa Mzee mwenyewe!

Sini tuliyokuwa tunarekodi ikaharibika, nikachukia. Mzee akatoka nyuma ya kamera: "Mama zangu, mbona mimi mzima?"

"Basi kuni zikae, ipo siku," mmoja akamjibu, akicheka huku anafuta machozi.

Katika filamu zote za ngumi na risasi tulizotengeneza naye, sijawahi kumwona Mzee akilia. Leo amelia.

"Miaka yote nimekuwa nikijiuliza," aliniambia, "nani atanizika huku."