Kahawa Iliyobaki Kwenye Pindo la Kanga

Shangazi Evaresta, shikamoo. Naomba unisaidie kabla maharage hayajang'olewa, maana mama mkwe wangu amesema tukishang'oa tu anaondoka hapa Kamuli kurudi kwa kaka yake Bugomora, na mimi ndiye ninayemfukuza ingawa sijafungua mdomo.

Mama anaitwa Laurensia, ni mjane, na tangu nimfahamu hajawahi kumkaribisha mtu bila akamwani, ile kahawa ya kutafuna anayoichemsha mwenyewe na majani yake na kuianika, mgeni hajakaa vizuri kikapu kimeshafika, hata msibani anakwenda nacho. Wazazi wangu walitoka Rwanda, na nilipoolewa na mwanawe Projestus wapo walionong'ona kuwa mimi ni mtu wa kuja, lakini yeye alinitia kahawa mkononi mbele yao wote akasema, "Tafuna mwanangu, umefika kwenu."

Sasa juzijuzi ukaingia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu ya sala, TAHADHARI kwa herufi kubwa, eti kuna bibi anapita majumbani na kikapu cha kahawa ya kutafuna iliyotiwa dawa, ukitafuna akili inahama unamkabidhi kila kitu, wengine wameamka hawana figo, imethibitishwa, tuma kwa watu kumi, usipotuma yakikukuta usilaumu mtu. Haukutaja jina. Lakini wiki hiyohiyo jirani yetu Ambrose akaanguka msibani akiwa ametoka kutafuna kahawa ya mama, hospitali wakasema ni sukari, na sukari anayo siku nyingi, nani alisikiliza?

Tangu hapo watu wanazunguka migombani wasipite mlangoni kwetu. Zamu ya sala ilipofika kwetu ikarukwa. Mama hana simu wala hajui kusoma, anakaa na kikapu chake ananiuliza, "Mwanangu, watu nimewakosea nini?" na mimi namjibu wana kazi shambani.

Shangazi, linaloniua ni hili. Najua ujumbe ule ni uongo, lakini nikiishika kahawa ile mkono unasita, nawaza je, kama kweli, nami nanyonyesha. Basi nikawa naipokea kwa mikono miwili, asante mama, akigeuka naifunga kwenye pindo la kanga. Juzi mtoto aliumwa, mama akanisaidia kufua, fundo likafunguka kahawa zikamwagika kwenye beseni. Aliziokota zote, akaisuuza kanga yangu, akaenda kuianika. Jioni akamwambia Projestus amtafutie bodaboda ya Bugomora. Projestus anasema ni uzee tu, tumwache akapumzike kwa nduguye. Nimwambie ukweli aumie zaidi, au nimwache aende bila kujua? Silali, Shangazi.

Uwiduhaye, Kamuli

Uwiduhaye mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma nikaiweka mezani, nikatoka nje kwanza. Pole sana. Pole nimeshakupa, sasa nikugombeze.

Unaogopa kumuumiza? Ameshaumia! Sasa hivi anaamini watu wamemchoka yeye, Laurensia, na wewe wa kwanza wao. Habari ya ujumbe itamchoma, lakini afadhali hiyo kuliko anachokiwaza pale mlangoni.

Kuogopa sikushangai. Hata mimi ujumbe wa hivyo ukiingia moyo unaruka, kidole kinataka kutuma kabla sijamaliza kusoma, maana umeletwa na mtu ninayesali naye na unataja mambo ya nyumbani kwangu. Lakini huyo bibi wa kwenye simu hana jina, hana kijiji, hana aliyemwona. Wa kwako ana jina. Umekula mkononi mwake miaka yote hiyo, figo zako zipo? Zipo. Ebo!

Usingoje maharage. Leo hii kaa naye, msomee ujumbe wote kwa Kinyambo, lugha yake, hata pale panapotisha. La kanga liseme mwenyewe, umepiga magoti, bila kusingizia kunyonyesha. Anaweza kuondoka hata hivyo, na hapo usimshike nguo, ni haki yake.

Huyo Projestus mwambie Shangazi kakasirika. Uzee umeingiaje hapa? Aende kwa kiongozi wa jumuiya adai ile zamu iliyorukwa, ampitie na Ambrose aje aseme kwa mdomo wake kilichomwangusha. Nawe zungumza kwenye kundi lilelile kwa sauti yako, utaje jina lako na la mama mkwe wako. Siku ya sala kikapu ukishike wewe, utafune wa kwanza, wakuone.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo, ukishamaliza kumsomea, nyoosha mikono yote miwili umwombe kahawa. Akikupa, itafune mbele yake mpaka uchungu wake uishe mdomoni. Asipokupa, usinyanyuke mwanangu. Kaa hapohapo chini, mikono ikiwa wazi, ungoje.