Watu Kumi wa Meza ya Natela

"Hao wote ni watoto wako?"

Jirani yetu Bi Halina alimuuliza mama yako swali hilo jioni moja kabla ya Pasaka yetu ya Kiyahudi, Natela, baada ya kuona kundi la vijana wenye masufuria na mabakuli likishuka kwenye lifti ghorofa ya sita na kuingia mlango mmoja. Mama yako akamjibu, "Wa kuzaa ni mmoja tu. Wengine wamekuja na yeye."

Mwaka unatimia sasa tangu huyo mmoja atutoke, na wale wengine bado wanamwita mama yako Mama. Ndiyo maana anashindwa kukaa kimya.

Ulikuwa na miaka ishirini na miwili ulipotuambia unahamia Brooklyn kwa mwaka mzima, ukaishi na vijana wa Kiyahudi usiowajua, nyumba moja, jiko moja. Mchana kila mmoja wenu angehudumia watu wenye shida, na jioni mngekaa na vitabu vya dini mjiulize kwa nini mnafanya hivyo. Mama yako, aliyesoma shule ya msingi tu kule Kutaisi tulikotoka, alikuwa na swali moja, kwa kuwa kwetu vyombo vya nyama havichanganywi na vya maziwa.

"Na nyama mtapikia sufuria ipi?"

"Mama, hatupiki nyama. Tunabishana."

Akadhani ni mzaha. Alipokuja kuwatembelea akakuta ni kweli: sufuria moja ya dengu na watu kumi na wawili wakibishana juu yake, kila mmoja akingoja zamu yake, maana desturi ya nyumba ile ilikuwa mtu asijibiwe mpaka mzunguko wa meza umalizike. Mjomba wako Shalva, aliyemsindikiza, alirudi nyumbani akisema, "Watoto hawa wakitaka kufungua dirisha wanapiga kura kwanza. Tutakufa kwa joto."

Mwaka wa huduma ulikwisha, wengine wakarudi makwao. Wewe na wenzako mliobaki jijini mkaendelea na meza. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi wahitimu mlikutana kwa wenzenu Zev na mkewe Dalya, kila mmoja na chakula chake. Waliooana na wengine walileta wenzi wao, kisha watoto. Aliyefukuzwa kazi alilala kwenye kochi la Dalya. Ulipougua, walipanga zamu za kukupeleka hospitali, na hakuna aliyekosa zamu yake. Hilo lazima lisemwe kabla ya mengine.

Tunakukumbuka na mkoba wako wenye balbu. Ofisi uliyofanyia kazi ilitetea wapangaji, na ngazi za majengo yale huwa na giza kwa sababu mwenye nyumba hajali. Basi ulitembea na balbu kama mwanamke mwingine anavyotembea na kioo. Ulipanda, ukafunga balbu, ndipo ukagonga mlango na kuuliza habari za kesi.

Tunakukumbuka ukila pembe za mkate wa Sabato kabla ya baraka, ukidhani mama yako hakuoni. Alikuona kila Ijumaa tangu ulipoota meno.

Tunakumbuka ile rafu. Mama yako hali kwenye sahani iliyochanganywa nyama na maziwa, na mwanzoni alikuja kwa Dalya na sahani yake ndani ya kitambaa, akaona haya. Mara ya tatu akakuta rafu moja ya kabati imefungwa utepe wa bluu, ndani yake sahani mpya, kijiko na uma. "Hiyo ni ya Mama," ulisema. "Asiguse mtu." Tangu hapo alifika mapema Ijumaa kwa sababu hapandi gari Sabato ikishaingia jioni, akaleta mchicha wake wa kuponda pamoja na njugu za jozi, akalala kwa Dalya mpaka nyota zitoke Jumamosi.

Sasa tuje kwenye linalomnyima mama yako usingizi.

Asher na Tova mlikaa nao nyumba ile moja mwaka ule. Baadaye Asher alisomea sheria, akaoa, akapata mtoto, na kazi aliyoipata ilikuwa kwa mawakili wa wenye nyumba. Ijumaa ya kwanza aliyokuja baada ya kuanza kazi hiyo, meza nzima ilitazama sahani. Wewe ukamvutia kiti.

"Kaa, wakili wa matajiri. Leo utakula na aibu yako."

"Aibu yenyewe ina chumvi?"

"Haina. Kama wali wako tu."

Watu wakacheka, naye akakaa. Tova alipokufuata jikoni akiwa na hasira, ulimwambia jambo ambalo mama yako alilisikia akiwa anaosha kijiko chake: "Kiti chake kisiondolewe. Nitamgombeza mwenyewe kila mwezi, lakini akiwa amekaa."

Ukamgombeza kweli. Akaja kila mwezi kugombezwa.

Kisha ukalazwa. Februari hiyo, ukiwa wodini na mirija puani, Bi Loretta, yule bibi mshonaji uliyepigania nyumba yake miaka miwili, alitolewa nje. Karatasi za kumtoa zilikuwa na saini ya Asher. Tova, mwenzako wa ofisini, alikuwa amepokea kesi hiyo kutoka mikononi mwako, na alikuwepo. Vitanda, sufuria na nguo vilirundikwa kando ya barabara, theluji ya majimaji ikiviangukia, na Tova akasimama asubuhi nzima akishikilia mwavuli juu ya cherehani ya Bi Loretta. Bi Loretta aliuliza neno moja tu, mara kwa mara: "Natela yuko wapi?"

Mama yako haichukulii theluji ile kuwa kitu kidogo. Naye aliwahi kutolewa na vitu vyake, nchi nyingine, miaka mingine, na anajua godoro lililolowa linavyokuwa zito.

Ijumaa iliyofuata wahitimu walizunguka meza, kila mmoja akasema lake, wakapiga kura. Asher asije tena. Wakamwandikia ujumbe: meza yote imekubaliana. Na wewe hawakukwambia. Walisema mgonjwa asisumbuliwe.

Hapo ndipo walipokosea, Natela, na hakuna wengine ambao wangekosea hivyo. Wao ambao hawafungui dirisha bila kumuuliza kila mtu, waliandika "meza yote" bila kukuuliza wewe. Asher alisoma ujumbe akaelewa kama ulivyoandikwa. Akaamini kwamba nawe umenyoosha mkono.

Kwa hiyo hakuja hospitali. Ulilala ukitazama mlango.

"Mbona Asher haji, Mama?"

"Ana mtoto mdogo. Atakuja."

"Mwambie simgombezi leo."

Mama yako alitoka koridoni akampigia. Simu haikupokelewa. Akarudi akakwambia yuko njiani, Mungu amsamehe, akakulisha kijiko cha barafu. Ulimuuliza tena kesho yake. Siku iliyofuata hukuuliza kitu.

Kabla sauti haijakuishia ulimpa mama yako agizo. Ulijua kwamba mjomba Shalva atakusomea Kadishi, sala ya waliofiwa, kwenye sinagogi letu la Queens, pamoja na wanaume kumi kama ilivyo desturi ya kwetu, maana wakipungua kumi haisomwi. Ukaomba isomwe mara moja pia kwenye meza yenu, ambako mwanamke naye huhesabiwa. "Mara moja tu. Na wewe uwe mmoja wa kumi, Mama. Hujawahi kuhesabiwa."

Lilikuwa ombi zito kwa mwanamke aliyesali nyuma ya pazia maisha yake yote. Alilibeba wiki nzima ya matanga, ameketi kwenye kiti kifupi, vioo vimefunikwa. Mwishowe akamwambia kaka yake. Mjomba Shalva akavuta pumzi ndefu. "Kwa Natela nitahesabu hata paka wao," akasema. Mama yako akaona kwamba amekubali.

Siku ya thelathini baada ya kukuzika tulikwenda kwa Dalya. Taa ya kumbukumbu yako iliwashwa. Mama yako akahesabu kwa macho, kwa kuwa kwetu watu hawahesabiwi kwa kidole: wahitimu saba, ambao wenzi wao walibaki nyumbani na watoto, mjomba wako, yeye mwenyewe. Akangoja. Chai ikapoa.

"Asher anachelewa," akasema.

Dalya alikuwa akikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. Ndipo Zev alipoeleza kura ile. Akaeleza vizuri, kwa upole, kwa maneno mengi. Mjomba wako akauliza, "Kwa hiyo tuko tisa?" Zev akasema ndiyo, na kwamba wangeweza kusoma mashairi badala yake.

Wakasoma mashairi. Mama yako alirudi Queens na ile sala bado iko mdomoni.

Kesho yake alimpigia Asher kwa simu ya Bi Halina, ili apokee bila kujua ni nani.

"Mwanangu, ni mama yake Natela. Kwa nini hukuja?"

"Mama, ningekujaje? Hata yeye alikubali nisije."

"Hakuulizwa."

Mama yako akamsikia mtoto wa Asher akilia chumba cha pili na hakuna anayekwenda kumbembeleza. Mwishowe Asher akauliza kama uliwahi kumtaja. Mama yako akamwambia ulivyosema, neno kwa neno, na kwamba hukutaka kumgombeza. Hakuwaambia wengine. Alimeza, akangoja, akawatazama mwaka mzima meza hadi meza, akidhani labda mmoja wao atauliza.

Jumapili hii jua likizama mwaka wako unatimia kwa hesabu ya kalenda yetu. Taa itawashwa kwa Zev na Dalya. Tukifika wote tutakuwa kumi, na Kadishi itasomwa pale ulipoomba. Akikosa mmoja tutakuwa tisa kama mara ile, na mama yako ana miaka sabini na nne na moyo unaochoka ngazini.

Asher amesema atakuja. Ameongeza, "Lakini sitaki mtu atoke kwa ajili yangu, Mama. Akitoka mtu, natoka mimi."

Kumbukumbu inayowekwa kwenye jarida la wahitimu husomwa kwanza mezani, hiyo ni desturi yao. Ijumaa iliyopita, baada ya chakula na kabla ya sala ya kushukuru, Zev alisimama akaisoma hii kwa niaba ya mama yako, kuanzia Bi Halina mpaka balbu, na watu wakacheka na kupangusa macho. Sehemu ya katikati haikuwepo bado. Akafika kwenye majina.

"Rudia hapo," Tova akasema.

Zev akarudia.

"Mama, mimi na Asher mstari mmoja?"

"Karatasi ni fupi, mwanangu."

"Basi niandike upande wa pili."

"Nikikuandika upande wa pili Natela atauliza kwa nini."

"Hukuiona theluji ile, Mama. Hukumsikia Bi Loretta akimuulizia Natela."

"Sikumsikia. Mimi nilikuwa nimekaa na Natela, akimuulizia Asher."

Dalya akasema taratibu, "Alimuulizia?"

"Siku mbili. Alisema nimwambie hatamgombeza. Nilimdanganya kwamba yuko njiani, kwa sababu mimi sikujua. Ninyi mlijua."

Zev akakaa chini. Peretz, ambaye hunena kabla ya wote, akafunika macho kwa mkono. Mama yako hakulia wala hakupandisha sauti. Alimgeukia Tova, kwa kuwa ndiye aliyekupenda kuliko wote mezani pale, na mama yako anajua hilo kwa kuwa yeye huwatazama watu.

"Sikuombi umsamehe. Mgombeze mpaka sauti ikukauke, Natela alikuwa akimgombeza. Nakuomba ukae."

Hayo ndiyo yaliyoongezwa katikati ya karatasi hii baada ya Sabato kutoka, ili wote wayasome kama yalivyokuwa na asiwepo wa kusema hakuulizwa. Majina hayakubadilishwa.

Pumzika, Natela wetu. Mbele ya Mungu tutakutaja kila mwaka taa yako ikiwashwa, nasi hatutachoka kukukumbuka: mama yako Makvala, mjane wa Otari, mjomba wako Shalva, Zev na Dalya, wenye meza na rafu ya utepe wa bluu, Ilana, Boaz, Peretz, Shira, aliyempa mtoto wake jina lako, Asher, ambaye kiti chake kipo, na Tova, ambaye majina haya yaliposomwa, kisha mama yako akamwomba akae, alisimama kabla ya sala ya kushukuru chakula, akavaa koti lake, akachukua mwavuli wake mlangoni, akatoka.