Plus Ikitangulia

Bruxelles, 4 Machi 2002

Baba mupendwa,

Bwana asifiwe. Uko muzima? Mama anaendelea namna gani? Kaka Kitsa na batoto yake bangali Beni? Huku kwa shangazi Orpa tuko bazima, baridi tu njo inatuonea.

Baliwasha ile mashine yenye balinitia ndani ya sikio. Baba, nilikuwa nangojea sauti ya batu. Nikapata mvua ya mawe juu ya manjanja ya paa. Mutu akifungua kinywa, mawe inaanguka. Shangazi alilia kwa furaha, mimi nikalia kwa uchungu. Tangu ile méningite ya Musienene, homa yenye ilifunga masikio yangu, wakati vita ilifunga barabara na dawa haikufika, nimezoea kimya. Kimya haikunipigaka. Nataka baitoshe mule ndani, nirudie nyumbani.

Mutoto wako,
Kavugho

Butembo, Mususa, 11 Mei 2002

Kavugho mutoto wangu,

Salamu kutoka kwa chorale yote ya kanisa. Barua yako ilipitia Kampala kwa mukono ya Mathe, muchuuzi wa vitenge. Sisi tunapumua, Mungu anasaidia. Njia ya Beni inafungwa, inafunguka, kufuatana na basoda wenye kuamka ba kwanza.

Mama yako aliposikia unataka kurudia, alicheka sana. Akasema, «Arudie kwa daktari gani? Hospitali ya huku haina hata pamba.» Mimi sikuzuie. Mais, kabla ya kuitosha, uliza banganga bale: kwa nini mawe? Ile umeme inaambia mushipa ya sikio nini? Unieleze na mimi, nataka kujua.

Baba yako,
Sikuli

Bruxelles, 9 Julai 2002

Baba,

Jambo sana, na salamu kwa mama. Afya yangu ni nzuri.

Niliuliza. Daktari, mama moja mupole, alinipeleka laboratoire, akanichorea. Ndani ya sikio kuna kitu imejikunja kama konokono, njo ndani yake balipitisha waya. Waya inatuma umeme pigo kwa pigo, na kila pigo iko na nusu mbili: plus, ni kusema chanya, na moins, hasi. Haziachane, kwa sababu moja peke yake ingeharibu nyama. Donc banafanya nusu moja fupi na kali, ingine ndefu na polepole. Kisha banageuza.

Aliandika: «Kwa banyama fulani, moins njo inaamusha mushipa. Kwako, tuone.»

Bakapiga moins kali. Nikasikia kitu kama mutu anapumua nyuma ya ukuta. Kisha plus kali, umeme kiasi kile kile. Baba! Nilishika kiti. Ilikuwa kengele! Niliomba barudilie. Nikabageuzia mugongo, nisione mikono yao. Ikatulia, ikapumua, kisha kengele tena. Daktari mwenyewe alifunika kinywa.

Anafikiri hivi: ugonjwa ulikula nyuzi za mushipa upande wa mbele, kwenye konokono. Moins inabisha hodi pale, hapana mutu. Plus inapita, inaamusha nyuma, karibu na ubongo, kwenye uzi ungali muzima. Alisema wazi, «Hatujue yote bado.» Mais mimi nilitoka inje nikakaa kwenye ngazi, nikashindwa hata kusali. Miaka hii yote kitu ndani yangu kilikuwa hai na hakuna mutu alikijua, hata mimi.

Sasa bamejua ni fasi gani ya waya iko karibu na uzi muzima. Zingine bamezifunga. Mawe imepungua. Sirudie kwanza.

Wako,
Kavugho

Bruxelles, 12 Januari 2003

Baba, mama,

Muko bazima? Naandika, hamujibu. Mathe anasema hakukuta mutu nyumbani.

Jana nilikuwa naosha sahani, shangazi alikuwa chumbani, radio inaongea. Nikasikia: Beni. Nilisikia kabisa, bila kuangalia midomo ya mutu. Njo neno langu ya kwanza. Na neno ya pili yenye nilielewa ilikuwa «morts»: batu bamekufa.

Nilianguka magoti na sabuni mikononi. Sijui kama nilikuwa namushukuru Mungu ao namulilia. Tafazali, mutu anijibu.

Mutoto wenu,
Kavugho

Butembo, 2 Aprili 2003

Kavugho mwanangu,

Amani iwe kwako. Sisi bote tunaishi, Kitsa na batoto yake pia. Nilimufuata Beni wakati batu balikuwa banakimbia vita kutoka porini, na njia ikafungwa nyuma yangu. Mama yako alijificha Musienene kwa bandugu zake. Barua zako tulizikuta zote siku moja, tukasoma ile ya kengele mbele ya chorale. Mama Débora wa sauti ya kwanza alishukuru tu, «Wasingya, Mungu,» akakaa chini.

Kuhusu ile telefone ya juzi, unisamehe. Mufanyabiashara moja alituazima yake. Nilimwambia Orpa asikuambie ni nani, akupe tu. Nilisema, «Kavugho.» Halafu nikasikia wewe: «Baba? Ni baba! Uko wapi?»

Nilishindwa. Mama yako alinisukuma: «Sikuli, jibu mutoto!» Kinywa kilikataa. Njo simu ikakatika.

Miaka yote tulikuita, hukuweza kuitika. Siku ile wewe njo uliita, mimi nikawa bubu. Sasa naitika: niko hapa, mutoto. Niko hapa.

Baba yako,
Sikuli